Fort Kochi, mji wa ngome isiyokuwepo

Kivuko kinachotoka Ernakulam, upande wa bara, kwenda Fort Kochi, kusini-magharibi mwa India, huchukua dakika 20 hivi kukata maji ya bandari, na katika safari yangu ya kwanza nilizitumia zote kuitafuta ngome kwa macho. Nilijua miji kadhaa ya bandari ambayo ngome yake ndiyo humlaki mgeni kabla ya kitu kingine chochote, na kwa kuwa mji huu unaitwa Fort, yaani Ngome, sikuona sababu ya kutarajia tofauti. Niliona mapaa ya vigae vyekundu, minazi, meli ya makontena iliyosimama mbali kidogo, na safu ya nyavu kubwa zilizoning'inia juu ya maji kama machela. Mzee aliyeketi karibu nami, mwenye kikoi cheupe kiunoni na mwavuli uliokunjwa mapajani, aliniuliza natafuta nini. Nilipomwambia, alicheka kwa upole, akasema kwamba ngome haipo, ilikwisha kubomolewa kabla babu ya babu yake hajazaliwa, na kwamba nishuke tu, nitembee, nitaona vilivyobaki.

Nilitembea kwa siku nne, na kadiri nilivyotembea ndivyo nilivyozidi kuamini kwamba majina ya mji huu hayafai kuchukuliwa kama yalivyo. Simaanishi kwamba watu wake ni waongo. Namaanisha kwamba Kochi ilipita katika mikono ya Wareno, Waholanzi na Waingereza, huku mfalme wake mwenyewe akiwa bado yupo pembeni, na katika kupokezana huko vitu viliondoka majina yakabaki, au majina yaliondoka vitu vikabaki, na mara nyingine jina lilimwendea mtu asiyehusika kabisa na jambo lenyewe. Kwa hiyo nikajiwekea desturi ya kusimama mbele ya kila jengo na kuuliza: jina hili ni la nani, na mwenyewe yuko wapi?

Bandari yenyewe ni matokeo ya mafuriko. Pwani hii ya Malabar, kusini-magharibi mwa India, iliwauzia Warumi na Waarabu pilipili manga karne nyingi kabla Mzungu wa kwanza hajaizunguka Afrika kwa meli, lakini soko lake mashuhuri lilikuwa Muziris, kaskazini kidogo ya hapa, karibu na mahali mto Periyar unapoingia baharini. Mwaka 1341 mto huo ulifurika kwa nguvu zisizo za kawaida, ukaijaza mchanga bandari ya zamani na kufungua mlango mpya wa bahari hapa Kochi. Wafanyabiashara wakayafuata maji.

Hapa sina budi kukiri kwamba sisi tunaosema Kiswahili tuna kosa lile lile la majina, na liko jikoni. Manga ni jina la zamani la Uarabuni, hasa upande wa Maskati, na pilipili manga ni pilipili iliyotufikia kwa majahazi ya huko. Mmea wenyewe haukutoka Uarabuni. Asili yake ni milima iliyo nyuma ya Kochi, ambako hupanda miti mirefu kama mtambaazi yeyote na kuning'iniza vishada vyake vya kijani vinavyogeuka vyeusi vikianikwa juani. Tuliipa jina la aliyeileta, tukamsahau aliyeilima.

Pedro Álvares Cabral alifika Kochi mwishoni mwa mwaka 1500, baada ya kupigana na Zamorini, mtawala wa Kozhikode, mji wa kaskazini ambako Vasco da Gama alikuwa ametia nanga miaka miwili kabla kwa kuongozwa na rubani aliyempata Malindi. (Natumia neno rubani kwa maana yake ya zamani, ya mtu wa meli, ndege ilikuja kuliazima baadaye.) Mfalme wa Kochi alikuwa amechoka kuonewa na Zamorini, akaona katika meli hizi ngeni mshirika wa kumwinua. Aliwapa Wareno mahali pa kununua pilipili, na mwaka 1503 akawaruhusu wajenge ngome, mwanzoni ya magogo tu, ambayo waliipa jina la mfalme wao Manuel na ambayo ilikuwa ya kwanza ya Wazungu katika India. Miaka miwili baadaye akaingia Francisco de Almeida, yule yule ambaye mwaka huo huo wa 1505 alikuwa ameiteka Kilwa na kuichoma Mombasa akiwa njiani kuja huku. Sisi tulijifunza habari zake shuleni kana kwamba safari yake ilikwisha alipotweka matanga kutoka Mombasa. Kumbe kwake sisi tulikuwa kituo cha njiani, na hapa ndipo alipokuwa akija kukaa, kwa kuwa Kochi ilikuwa makao makuu ya Wareno katika India hadi walipohamia Goa mwaka 1530.

Kitu kikubwa kabisa kilichobaki cha miaka hiyo ni kanisa linaloitwa la Mtakatifu Francis, na hata hilo jina lake si la kwanza. Watawa wa Kifransisko walilijenga kwa mbao, kisha likajengwa upya kwa mawe na kukamilika mwaka 1516, likawekwa chini ya Mtakatifu Antonio. Inaaminika kwamba jina la Francis lilikuja na Waanglikana karne tatu baadaye. Waholanzi walipoutwaa mji mwaka 1663 waliyabomoa makanisa mengi ya Kikatoliki, lakini hili waliliacha kwa sababu wao pia walihitaji mahali pa kusalia, wakaligeuza la Kiprotestanti. Mwaka 1804 wakawakabidhi Waanglikana, na tangu 1947 limo katika Kanisa la India Kusini. Kwa nje ni jengo la kawaida mno, lenye uso mpana na mlango wa tao, bila madoido yoyote ya kumshangaza mpita njia.

Ndani, sakafuni, kuna jiwe lililozungushiwa uzio mfupi, na kila kikundi cha wageni kinachoingia huenda moja kwa moja hapo. Ni kaburi la Vasco da Gama. Alirudi India mara ya tatu mwaka 1524, safari hiyo akiwa na cheo cha makamu wa mfalme wa Ureno, akafa hapa Kochi tarehe 24 Desemba mwaka ule ule, miezi michache tu baada ya kufika. Alizikwa katika kanisa hili. Lakini mwaka 1539 mabaki yake yalichukuliwa yakapelekwa Ureno, kwa hiyo jiwe lile limefunika udongo mtupu kwa takriban karne tano. Nilisimama pale muda mrefu kuliko nilivyokusudia, nikiwatazama watu wakipiga picha ya mahali asipokuwepo mtu, kisha nami nikatoa simu yangu nikapiga.

Kilichonigusa zaidi kilikuwa kuta. Mawe ya makaburi yaliyokuwa sakafuni yaling'olewa katika karne ya 19 na kupachikwa ukutani: ya Wareno upande wa kaskazini, ya Waholanzi upande wa kusini. Maadui hao waliopigania mji huu kwa mizinga sasa wanatazamana mchana kutwa juu ya vichwa vya waumini, na maandishi yao yamelika kiasi kwamba inabidi uyasome kwa kupapasa kwa vidole zaidi ya kuyatazama.

Juu ya mabenchi kuna kitu ambacho sikukitarajia kabisa. Vitambaa virefu vimetundikwa kwenye boriti nyembamba, safu baada ya safu, tangu mlangoni hadi karibu na madhabahu, na kutoka kila boriti inatoka kamba inayopita katika tundu la ukuta kwenda nje. Zamani, ibada ilipokuwa ikiendelea, mtumishi aliketi nje juani, akiivuta na kuiachia kamba ili mabwana waliomo ndani wapate upepo. Kwa lugha za India ya kaskazini kipepeo hicho huitwa pankha. Nilikuwa nimekwisha toka nje na kuyakuta yale matundu ukutani kwa upande wa pili ndipo nilipolikumbuka neno letu pangaboi, ambalo tangu utoto nililijua kama jina la mashine inayozunguka darini. Kama masikio yangu hayanidanganyi, ndani ya neno hilo amekaa yule kijana wa kamba, akiitwa “boi” kwa Kiingereza hata kama alikuwa mzee wa miaka 60. Nilikitazama kile kitundu, kikubwa cha kutosha kupitisha kamba na kidogo mno kupitisha upepo, nikajiuliza kama aliwahi kuisikia hata sala moja hadi mwisho.

Mbele ya kanisa kuna uwanja mkubwa wa majani ambao majeshi yote matatu yaliutumia kwa gwaride, na bado unaitwa Uwanja wa Gwaride ingawa jioni niliyopita palikuwa na mechi tatu za mpira kwa wakati mmoja, magoli yakiwa viatu vilivyopangwa chini. Pembeni yake liko lango la mbao lenye herufi za VOC, Kampuni ya Uholanzi ya India Mashariki, na mwaka 1740. Kampuni hiyo, na si serikali ya Uholanzi, ndiyo iliyoutawala mji kwa zaidi ya miaka 130. Waliupunguza: walibomoa sehemu kubwa ya mji wa Wareno, wakabakiza eneo dogo lililokuwa rahisi kulinda, wakalizungushia kuta na buruji. Nyumba moja ya mwaka 1667, iliyojengwa juu ya buruji mojawapo, bado ipo na inaitwa kwa jina hilo la buruji, nayo ina paa la vigae na roshani ya mbao inayotazama bahari. Nyumba nyingine ya Kampuni, ya mwishoni mwa karne ya 17, inajulikana kama David Hall, na aliyeipa jina si Mholanzi bali ni David Koder, Myahudi aliyeishi humo baadaye sana.

Waholanzi wale waliacha pia kitabu, na nakitaja kwa sababu kinasumbuliwa na jambo lile lile. Hendrik van Rheede, gavana wa Kampuni katika Malabar, aliagiza mimea ya pwani hii ichorwe na kuelezwa, na kazi hiyo ikachapishwa Amsterdam kati ya 1678 na 1693 kwa majuzuu 12, ikiwa na mimea zaidi ya 700. Jina lililo juu ya jalada ni lake. Maarifa yenyewe, yaani mti gani unatibu nini na unaitwaje, yalitoka kwa kiasi kikubwa kwa Itty Achudan, tabibu wa Kimalayalam wa tabaka lililodharauliwa, aliyeleta daftari za majani ya miti ya jamii ya mitende zilizorithiwa katika familia yake. Kwa haki ya van Rheede, alikubali ushuhuda wa tabibu huyo uchapwe ndani ya juzuu la kwanza kwa hati ya lugha yake mwenyewe. Hilo si jambo dogo kwa karne ile, ingawa jalada lilibaki na jina moja.

Na ngome? Waingereza waliuchukua mji mwaka 1795, vita vya Ulaya vilipowageuza Waholanzi kuwa adui, na mwaka 1806 wakazilipua kuta kwa baruti pamoja na majengo mengine mengi ya zamani. Mkataba wa 1814 ulipokuja kuthibitisha kwamba Kochi ni ya Waingereza, hakukuwa tena na ngome ya kukabidhiana. Ukitembea ufukweni leo utakuta vipande vya mawe vilivyoungana kwa chokaa vikitokeza mchangani, vingine vimelala majini, na watoto wanavipanda kama miamba. Katika kipigo hicho hicho kanisa kuu la Wareno, Santa Cruz, ambalo Waholanzi walikuwa wamelitumia kama ghala la silaha, nalo lilibomolewa. Lililopo sasa kwa jina hilo, jeupe na lenye minara miwili, liliwekwa wakfu mwaka 1905. La kale limebakiza nguzo moja tu ya mawe, ambayo imesimamishwa kwenye kona ya uwanja bila kubeba chochote. Nilipita mbele yake mara mbili kabla ya kuiona.

Asubuhi ya siku ya tatu niliamka kabla ya jua ili nizione zile nyavu zikifanya kazi. Kwa Kimalayalam, lugha ya hapa, huitwa cheena vala, nyavu za Kichina, kama vile karai la kukaangia linavyoitwa chungu cha Kichina. Masimulizi ya mji yanawataja wafanyabiashara wa Kichina wa karne ya 14. Wataalamu wengine husema ni Wareno waliozileta kutoka Macau, na hoja yao mojawapo ni kwamba baadhi ya vipande vya mtambo vina majina ya Kireno. Mvuvi niliyemuuliza hakujishughulisha na ugomvi huo. Alikuwa na kazi ya kufanya.

Mtambo wenyewe ni mzani mkubwa wa magogo. Upande wa majini, mikono minne ya mbao iliyopinda inaunyoosha wavu mpana kuliko sebule yoyote niliyowahi kukaa. Upande wa nchi kavu, mawe makubwa yamefungwa kwenye kamba, moja chini ya jingine, kama tasbihi. Mmoja wa wavuvi anatembea juu ya gogo kuu kuelekea majini, akitumia uzito wa mwili wake tu, na mtambo wote unainama mbele yake taratibu hadi wavu unazama. Baada ya dakika chache wanaume watano wanashika kamba na kuvuta kwa pamoja huku wakiitikiana. Mawe yanateremka moja baada ya jingine na kugusa ubao kwa mlio mzito, tuk, tuk, tuk, na wavu unatoka majini ukichuruzika. Waliniita nivute nao. Kamba ilikuwa na chumvi na utelezi, na nilihisi wazi kwamba mchango wangu haukuongeza kitu. Ndani ya wavu mpana kiasi kile kulikuwa na dagaa wa kujaza bakuli, kaa wawili na chupa ya plastiki. Wakaushusha tena.

Kutoka hapo niliingia mitaani. Mitaa ya Fort Kochi ni mifupi na imejipinda, na majina yake, Princess, Rose, Burgher, Napier, ni ya Kiingereza juu ya nyumba ambazo misingi yake ni ya Kiholanzi na mara nyingine ya Kireno. Kuta zake ni nene, zimepakwa chokaa ya manjano au ya buluu, na madirisha yana vibao vya kushuka hadi karibu na sakafu, ili mtu aliyelala apate upepo. Miti mikubwa ya kivuli inayofunika barabara, ambayo mgeni angeapa kwamba imekuwepo tangu enzi za mafuriko, asili yake ni Amerika. Katika mkahawa mmoja wa pembeni nilimsikia mhudumu akimwambia mwenzake neno mesha, nikageuka kama niliyeitwa. Alikuwa anazungumzia meza. Wao na sisi tuliichukua meza kwa Mreno yule yule, na dirisha wao huliita jannal kutokana na janela yake. Sisi tulichukua na gereza, ambalo kwa Mreno lilikuwa igreja, kanisa. Sikumweleza mhudumu hilo la mwisho.

Ukiuvuka mfereji wa Calvathy unaingia Mattancherry, na mpaka huo mdogo ulikuwa mpaka wa kweli: wakati wa Waingereza, Fort Kochi ilikuwa chini yao moja kwa moja, na Mattancherry ilikuwa ya mfalme. Hapa sikuona bustani wala hoteli. Barabara ya Bazaar ni ukuta mmoja mrefu wa maghala, kila ghala likiwa na mlango wa msaji upande wa barabara na mwingine upande wa maji, ambako mashua zilikuwa zikipakia. Hewa ya pale ina tangawizi kavu, manjano na gunia. Waliofanya biashara hapa walikuwa Wagujarati, Wakonkani, Waislamu wa Kachchh, Wayahudi, Wakristo wa Kisiria na wengine wengi, na mahekalu, misikiti na makanisa yao bado yamebanana katika vichochoro vile vile.

Jengo maarufu zaidi la Mattancherry linaitwa Kasri la Waholanzi. Lilijengwa na Wareno, kama mwaka 1555, wakampa mfalme Veera Kerala Varma kumtuliza baada ya wao kupora hekalu. Waholanzi walichofanya ni kulikarabati baada ya 1663. Kwa hiyo fundi aliyebadilisha paa ndiye aliyepewa nyumba. Lakini ukiingia ndani utagundua kwamba hata Wareno hawastahili jina, kwa sababu mpango wa jengo ni wa nyumba za Kerala, jimbo hili, mabawa manne yaliyozunguka ua wenye hekalu la mungu wa kike wa familia ya kifalme, na kuta za chumba cha kulala cha mfalme zimechorwa kisa cha Ramayana, utenzi mkuu wa kale wa Wahindu, kwa rangi nyekundu, manjano na kijani, watu wamesongamana bila hata nafasi ya kuweka kiganja. Hakuna Mzungu hata mmoja kwenye kuta zile nilizozitazama.

Nyuma ya kasri, ukuta kwa ukuta, ni Mtaa wa Wayahudi na Sinagogi la Paradesi la mwaka 1568, lililojengwa kwenye ardhi iliyotolewa na mfalme. Wareno waliliharibu mwaka 1662, na Waholanzi walipoingia likatengenezwa upya. Mwaka 1760 tajiri Ezekiel Rahabi, aliyekuwa wakala wa Kampuni, aliliongezea mnara wa saa ambao uso mmoja una tarakimu za Kirumi na mwingine za Kiebrania. Unavua viatu mlangoni, na nyayo ndizo zinazofika kwanza kwenye kitu cha thamani: sakafu ya vigae zaidi ya 1,000 vya Kichina vilivyochorwa kwa mkono, buluu juu ya nyeupe, na inasemekana hakuna viwili vinavyofanana. Niliinama kuvichunguza. Katika kimoja tawi la mti limeinamia kushoto, katika jirani yake tawi hilo lina jani moja zaidi. Mahali pengine mkono wa mchoraji uliteleza, akaacha tone, na tone hilo limekanyagwa kwa zaidi ya miaka 200.

Paradesi maana yake ni mgeni. Wayahudi waliofukuzwa Hispania na Ureno walipofika hapa waliwakuta Wayahudi wenzao waliokuwa wamekaa Malabar kwa karne nyingi, wenye hati ya mabamba ya shaba iliyotolewa na mfalme wa Kerala karibu na mwaka 1000. Wageni hao walijiona weupe na bora. Hawakuwaruhusu wazao wa watumwa waliowaacha huru kuketi kwenye mabenchi ya sinagogi hili, na ilimchukua wakili A. B. Salem, mmoja wa wazao hao, miaka ya kugoma na kupinga kwa njia ya Gandhi hadi mlango ukafunguka kidogo. Baada ya 1948 karibu wote, weupe kwa weusi, walihamia Israeli. Sinagogi mojawapo la wale wa zamani, Kadavumbhagam, liligeuzwa ghala, na mapambo yake ya ndani ya mbao yakapelekwa kwenye jumba la makumbusho la Jerusalem, hivyo ukuta wake ulibaki Kochi na moyo wake uko ng'ambo ya bahari. Mtaani sasa Nyota ya Daudi iko kwenye madirisha ya chuma, na ndani ya madirisha hayo wafanyabiashara kutoka Kashmir wanauza shali.

Kisiwa cha Willingdon nitakipita haraka, kwa kuwa hakina la kutazama zaidi ya magati na maghala, lakini kinastahili sentensi chache kwa sababu ni jina lililokuja kabla ya ardhi kuzoeleka. Mlango wa bandari ulikuwa umezibwa na fungu la mchanga, na meli kubwa zilisimama nje, zikihudumiwa kwa mashua. Mhandisi Robert Bristow aliyewasili mwaka 1920 alilichimbua fungu hilo. Meli ya kwanza, Padma, ikaingia ndani tarehe 26 Mei 1928. Mchanga uliochimbwa ulirundikwa ukawa kisiwa kipya, kikapewa jina la Lord Willingdon, aliyewahi kuwa gavana wa Madras.

Siku ya mwisho nilirudi Barabara ya Bazaar kununua pilipili. Muuzaji alikuwa mama mtu mzima, ameketi nyuma ya magunia yaliyofunguliwa midomo, na mizani ya shaba mbele yake. Alichota konzi mbili za pilipili, moja ya punje kubwa na moja ya punje ndogo, akanitaka ninuse tofauti. Kisha akaniuliza kwa Kiingereza chake kifupi sisi tunaiitaje. Nikamwambia: pilipili manga. Akanitazama, akamwita kijana wake kutoka ndani, akanitaka niseme tena. Nikasema. Wakacheka wote wawili hadi mama akashika mizani isianguke, kwa sababu kwa Kimalayalam maanga ni embe.

Nilijaribu kumweleza kwamba manga yetu si embe, ni Uarabuni, na kwamba tulidhani imetoka huko. Alisikiliza kwa makini, akafuta machozi kwa ncha ya sari, akaniuliza Waarabu wana mlima gani wa kulimia pilipili. Kisha akapima nusu kilo, akaongeza kiganja kimoja cha bure, akafunga kwa gazeti na uzi, na juu ya gazeti akaandika kitu kwa kalamu kwa hati yake ya mviringo ambayo siwezi kuisoma. Kifurushi bado kiko kabatini, na sijamwomba mtu yeyote anisomee.